Kulwa kaenda chuo, Doto kaenda VETA

Juzi saa nne usiku dada yetu mkubwa kanitumia sauti ya WhatsApp ya dakika saba. Dada akituma sauti ya dakika saba ujue ni msiba au ni mtoto. Hii ilikuwa mtoto. Kijana wake wa pili matokeo yametoka, kapata division three ya 23, na kasema wazi mbele ya baba yake kwamba form five haendi, anataka VETA, chuo cha ufundi stadi, akasome umeme. Shemeji kachachamaa. Three ya 23 mtoto anapata form five vizuri tu, anaenda VETA kutafuta nini, VETA si ya waliofeli? Dada yupo katikati hajui aegemee wapi, analia kidogo, anacheka kidogo, afu mwishoni kabisa anasema, "Sasa we Kulwa ongea nae bana, we ndo umesoma."

We ndo umesoma. Nilicheka peke yangu gizani mpaka mume wangu akaamka kuuliza kuna nini.

Nimejaribu kumjibu dada kwa sauti nikashindwa, kila nikianza naishia kwenye habari za Doto, na habari za Doto haziishi ndani ya dakika saba. Ndo nimeamua niandike.

Mimi na Doto ni mapacha, nadhani majina yameshasema. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, shule moja, mkondo mmoja. Wanaoukumbuka mwaka ule wanaukumbuka: matokeo yalitoka Februari 2013 na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na zero. Kwetu Morogoro ikawa nusu kwa nusu kweli kweli, Kulwa two, Doto zero. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na kitu anafundisha watoto wa watu, na siku ile alikaa kwenye kiti chake cha kamba pale barazani hakufungua mdomo mpaka giza likaingia. Mama alinipongeza jikoni, kwa kunong'ona, kama vile tumeiba kitu.

Baadae ikaundwa tume ya waziri mkuu, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, Mei yakatoka mengine na Doto akawa na division four. Sasa hebu fikiria, Februari wewe ni zero, Mei wewe ni four, na katikati hapo hujagusa hata daftari. Doto mpaka leo akichangamka anasema yeye ndo mwanafunzi pekee Tanzania aliyefaulu akiwa amebeba zege. Na kweli alikuwa anabeba zege. Alishaanza kibarua cha saidia fundi kwenye nyumba zilizokuwa zinajengwa kule Kihonda, anaondoka alfajiri anarudi mweupe kama kamwagiwa unga.

Pale saiti ndo alipomuona fundi umeme. Wao wanaanza saa moja, yule anakuja saa tatu na begi dogo mgongoni, anatindua ukuta wake, anapitisha mabomba yake, saa tisa anaosha mikono anaondoka, na siku ya malipo anaitwa wa kwanza. Doto akawa anamhesabia. Huo ndo ushauri wa kazi pekee aliowahi kupata mdogo wangu (ndio, ni mdogo wangu kwa dakika kama ishirini na sitaacha kusema), na aliyemshauri hakujua kama anamshauri.

Akaomba VETA, akafanya mtihani wa kujiunga, Januari 2014 akaanza. Ada ilikuwa 60,000 kwa mwaka kwa kuwa alikuwa anatokea nyumbani, angelala bweni ingekuwa 120,000. Ada haikuwa shida, shida ilikuwa ovaroli, buti, plaizi, tester, bisibisi za saizi zote, na hizo alizinunua kwa hela yake ya zege. Baba hakukataa na hakukubali. Wageni wakija nyumbani mama alikuwa anatutambulisha hivi: "Huyu Kulwa yupo form five, na huyu Doto, Doto yupo yupo hapo anajifunza ufundi." Yupo yupo. Neno hilo nililisikia kila likizo kwa miaka miwili na sikuwahi kulisahihisha, tuseme ukweli, lilikuwa linanipendeza.

Mimi nikasoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, nikamaliza form six 2015, nikaenda Dodoma kusoma digrii ya sosholojia. Kwa nini sosholojia? Kwa sababu HGL yangu iliruhusu na rafiki yangu naye aliijaza. Nimeandika ukweli wote hapo hakuna kingine. Nilikuwa najua Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza yalianzaje lakini sikujua afisa maendeleo ya jamii akiamka asubuhi anaenda kufanya nini, anakaa wapi, analipwa na nani, nafasi zinatangazwa ngapi kwa mwaka. Doto na zero yake alikuwa ameshaiangalia kazi yake kwa miezi kabla hajaenda kuisomea. Mimi na two yangu sikuwa nimemuona mtu hata mmoja anayefanya kazi niliyokuwa naisomea.

Maisha ya chuo sitayasema vibaya, nilikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, boom, yaani ile hela ya kujikimu, likiingia tunakula chipsi kuku likiisha tunarudi kwenye wali maharage, nilisoma vitabu ambavyo hadi leo nafurahi nilivisoma, nilipata akili ya kubishana. Mahafali yalikuwa 2018. Ukoo mzima ulikuja na Noah ya kukodi, nikavaa joho, baba akalia. Aliyelipia Noah ni Doto. Kwenye picha yupo pembeni kabisa, nusu ya bega imekatwa.

Afu kukaanza kusubiri.

Nikiwa form five, mwaka 2014, zilisambaa picha za vijana zaidi ya 10,000 wamejaa Uwanja wa Taifa kwenye usaili wa Uhamiaji, nafasi zilikuwa 70. Bwenini tulizicheka zile picha, tulidhani ni mambo ya wakubwa fulani wasio na bahati. 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ihakiki watumishi hewa, 2017 likatoka lile orodha la watumishi 9,932 wenye vyeti feki, na sisi tuliokuwa mwaka wa pili tukashangilia tukijua hizo nafasi ni zetu sasa. Watoto bana.

Nilisubiri miaka miwili na miezi kumi na moja. Watu wakisema "hakuna ajira" wanadhani mtu amekaa tu nyumbani anatazama tamthilia. Kukosa kazi kuna gharama zake nyie. Unaomba nafasi, vyeti lazima viwe na muhuri wa wakili, wakili anagonga kwa hela. Picha za pasipoti. Bando la kufungua mfumo wa maombi ambao unakatika ukiwa umefika ukurasa wa mwisho. Ukiitwa kwenye mchujo, nauli ya Morogoro hadi Dodoma kwenda na kurudi na sehemu ya kulala. Niliwahi kwenda kwenye usaili wa nafasi nne, ukumbi umejaa hadi wengine tunaandikia mapajani, na dada aliyekaa jirani yangu alikuwa anamnyonyesha mtoto huku anajibu maswali ya kuchagua. Sikuitwa raundi ya pili. Sidhani kama yeye aliitwa.

Na hela ya hayo yote? Doto. Kila mara Doto. Alikuwa hanipi kwa mbwembwe, simu inalia tu "umepokea" kiasi fulani, wakati mwingine 20,000, wakati mwingine 7,000, na nikimpigia kushukuru anasema sawa sawa nipo juu ya dari ntakupigia. Hakuwahi kupiga.

Mwaka wa pili wa kusubiri nikamwambia nichukue basi nikusaidie kazi, naona aibu. Akanichukua. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kule Mkundi, imeshapigwa bati bado plasta. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini kwenye kiboksi cha swichi na kusukuma waya, yeye yupo juu anavuta na ule waya mgumu anaoupitisha kwanza kwenye bomba. "Sukuma! Subiri. Subiri nimesema! Legeza. Haya sukuma." Waya za taa ni milimita moja na nusu, za soketi mbili na nusu, nikamchanganyia mara mbili, akashuka akazichomoa hakusema kitu. Vidole vyangu kufika saa nane vilikuwa vimechubuka kwenye ukingo wa bomba. Mwenye nyumba akaja, akauliza huyu ni nani, Doto akasema, "Pacha wangu. Ana digrii." Alivyolitamka! Kwa majivuno kabisa, kana kwamba ni yake. Mwenye nyumba akaniangalia mikono, akaangalia waya, akasema hongera.

Jioni wakakaa kupiga hesabu. Hapo ndo nilipoona kitu ambacho sikuwa nacho. Doto alitembea chumba kwa chumba anahesabu pointi, hii taa moja, hii soketi, hii swichi ya njia mbili, akataja bei ya pointi, mwenye nyumba akashusha, Doto akakataa akaelezea kwa nini, wakakubaliana. Miaka ishirini na minne na mtu anajua siku yake ya leo inauzwa shilingi ngapi. Mimi kwenye usaili nikiulizwa unategemea mshahara gani nilikuwa najibu "kulingana na taratibu za taasisi", maana sikuwa na wazo, sikuwahi kuuza hata saa moja ya maisha yangu.

Ndo maana mtu akiniuliza chuo au ufundi namuuliza kwanza nyumbani kwenu nani ana uwezo wa kukusubiri. Digrii ina ada mbili. Ya kwanza inaandikwa kwenye fomu, ile Bodi inakukopesha. Ya pili ni ya miaka ya baada ya joho, hiyo haina mkopo, na wengi wa tuliosoma nao walioipata kazi waliipata kwa sababu kulikuwa na mtu anayewalisha wakati wanazunguka na bahasha. Walioshindwa kusubiri wakaondoka kwenye foleni, sio kwamba hawana akili, njaa tu. Na mimi nilisubiri kwa sababu pacha wangu alifeli mtihani.

Sasa kabla wale wa "VETA oyee digrii karatasi tu" hawajaanza kushangilia. Ufundi nao una kusubiri kwake. Doto alipomaliza hakupewa nyumba ya kufunga umeme kesho yake, alikaa karibu mwaka chini ya fundi mwingine, na alikuwa hana leseni ya EWURA, ile mamlaka ya kusimamia nishati na maji, kwa hiyo kazi anafanya yeye, fomu ya kuombea umeme anasaini mwenye leseni, na huyo mtu alikuwa anakata kipande kikubwa ambacho hadi leo Doto akikitaja anatema mate. Kuipata leseni yake mwenyewe alichelewa kwa sababu ya kijinga kabisa: fomu. Kujaza kwenye mfumo, kuandika uzoefu wa kazi, kuambatanisha. Mtu anayeweza kusoma ramani ya nyumba kwa kuitazama alikuwa anaogopa fomu ya mtandaoni. Tulikaa nayo usiku mmoja mimi na yeye na kompyuta ya kuazima, kufika saa saba tumemaliza. Kwotesheni zake hadi leo naandika mimi, na za zabuni ndogo ndogo pia, siku hizi mambo yote ya zabuni za serikali yapo NeST, mfumo wa mtandaoni, na huko bila kusoma kwa utulivu unatupwa nje kwa kukosa kiambatanisho kimoja. Hapo ndo sosholojia yangu inapokula.

Afu kuna mvua. Mtu wa mshahara hajui mvua. Masika, Machi hadi Mei, watu hawajengi. Januari hawajengi kwa sababu ya ada za watoto. Kazi inachanganya kuanzia Juni, na hela ya Juni inatakiwa ikae mpaka Aprili, sasa niambie kijana gani wa miaka ishirini na mbili hela ya Agosti inamkaa mpaka Aprili. Na wateja wanaomaliza nyumba wakahamia, wakawasha taa, wakazima simu.

Na 2022 alianguka. Ngazi iliteleza kwenye sakafu yenye vumbi, akatua na mkono, kifundo kikavunjika. Wiki sita na plasta ya hospitali, plasta ambayo yeye mwenyewe aliita "plasta isiyo na pointi". Hana bima, hajichangii NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ingawa aliyejiajiri anaruhusiwa, akiba ilikuwa imeingia kwenye drili mpya. Mimi wakati huo nilikuwa na kazi tayari, afisa mikopo kwenye kampuni ndogo ya mikopo hapa mjini, mshahara wa kawaida, unakatwa 15% ya Bodi kabla haujagusa mkono. Ila unaingia. Tarehe yake ikifika unaingia, mvua inyeshe isinyeshe. Wiki zile sita watu wawili na mtoto wao walikula kwa ule mshahara, na wifi yangu mke wa Doto akauza kitenge kimoja kimoja. Haukutosha. Lakini ulikuwepo.

Pale mezani kwangu naona pande zote mbili kila siku. Anakuja fundi seremala, mkono una gundi, ana kazi za kumwaga lakini hana hata kijikaratasi kimoja kinachoonesha hela imeingia lini, nashindwa kumwandikia kiasi anachostahili. Anakuja kijana wa digrii, kajieleza vizuri mno, mpango wa biashara una kurasa kumi na mbili na jedwali, nikimuuliza umeshauza ngapi anasema bado. Wote nawapenda na wote wananitia hofu. (Halafu kuna hili linalonichekesha, mhasibu wetu ndo alinielewesha: kila mwezi ofisi inalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, 3.5% ya mishahara yote, na sehemu yake ndo inaenda VETA. Kwa hiyo mimi kulipwa tu mshahara wa digrii kuna kijana sehemu anafundishwa kuchomelea.)

Nirudi kwa shemeji na "VETA ya waliofeli". Shemeji, kwa heshima zote, mambo yamebadilika kwenye makaratasi hata kama kwenye vichwa bado. Sera ya elimu toleo la 2023, ile Rais Samia aliizindua Dodoma Februari 2025, imeweka mkondo wa amali sambamba na wa jumla huko huko sekondari, yaani mtoto anaingia ufundi tangu mapema bila kusubiri afeli kwanza. Ila nakuelewa pia. Wewe unaogopa "yupo yupo". Unaogopa wageni wakija utasema nini. Baba yetu naye aliogopa hivyo hivyo, na mtu aliyemjengea baba choo cha ndani na kumfungia feni chumbani ni nani, usinifanye niseme.

Na pia kwa kijana wako kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja kwenye zile dakika saba. Nimeangalia matokeo yake, ana pasi za fizikia, kemia na hesabu. Huyo anaweza kuomba stashahada ya umeme kwenye chuo cha kati, DIT pale Dar es Salaam wanayo, miaka mitatu anatoka na karatasi inayomruhusu kuendelea na digrii ya uhandisi akitaka, na mikono ikiwa imeshashika waya. Siku hizi Bodi inakopesha hata baadhi ya stashahada. Doto angepata hiyo nafasi 2013 asingeiacha, lakini four yake haikufika. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa, kwamba aliyekuwa na kichwa cha umeme hakuwa na matokeo, na mwenye matokeo alienda kufuata rafiki.

Basi nikampigia kijana mwenyewe. Anajibu kwa adabu, ndio mamdogo, sawa mamdogo, ile sauti ya mtoto anayesubiri umalize. Nikamuuliza umewahi kumuona fundi umeme akifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni? Kimya. Nikamwambia mimi sikuambii nenda wala usiende, nimekuombea kwa mjomba wako Doto wiki mbili, kuna nyumba anaanza Jumatatu, fomu zako hazifungwi leo wala kesho. Akauliza nauli. Nikamtumia.

Usiku nikamuandikia Doto kwamba anakuja Jumapili, amsimamie, asimuonee huruma na asimuue. Akakaa kama saa nzima, nadhani alikuwa kwenye mpira, afu akajibu:

"Mwambie aje na buti. Akija na raba namrudisha na gari hilo hilo."